Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa chama chetu cha soka: radi haimsubiri mgeni rasmi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa heshima zote, maana barua nilizoleta ofisini kwako kwa mkono hazijajibiwa.

Jumamosi iliyopita ulikuwepo. Wingu lilianza kujikusanya upande wa baharini kabla mpira haujaanza, mvua ikashuka, ngurumo zikafuata. Mwamuzi alikuwa anageuka kuwatazama ninyi. Mlikuwa chini ya turubai na mgeni rasmi, soda mkononi. Hakuna aliyempa ishara. Radi ikapiga mkorosho nyuma ya goli, vijana wakaanguka, mmoja wao mwanangu, golikipa. Nilipomfikia alikuwa bado na glavu zake, macho wazi, namwita hanisikii.

Alhamdulillahi, wote wako hai. Wangu sikio la kushoto linavuma mpaka leo, na usiku analalamikia mkono. Nauli ya kumpeleka hospitali natoa mimi, dawa mimi, na hela niliyoweka ya kupulizia mikorosho imeshakwenda. Chama kilitupa pole kwa simu. Tumeshukuru.

Nasikia mechi haikuahirishwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari ya Dar. Wengine wanasema ni kiingilio, mliogopa watu watadai kurudishiwa. Pengine yote mawili.

Nikukumbushe tu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikiwa imekatika kule Kilwa, ulisimama kikaoni ukasema hakuna tena mechi bila kusikiliza utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Tukakupigia makofi. Sasa Ijumaa utabiri wa mvua na radi sisi tuliusikia redioni. Ofisini kwako redio imeharibika?

Na tafadhali usiniambie Ulaya wanacheza kwenye theluji. Mimi nazungumzia radi. Wataalamu wanasema ukisikia ngurumo, ondoka uwanjani, usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Peru, Novemba 2024, mwamuzi alisimamisha mchezo kabisa, wachezaji wakiwa wanatoka radi ikamuua mmoja. Huyo alisimamisha, Mwenyekiti! Wetu aliendelea kuchezesha.

Najua Sheria ya 5 ya soka inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mechi. Lakini posho yake inatoka kwenu, na ninyi mmekaa pale mbele mnamtazama. Atathubutu?

Nilitaka kudai gharama za matibabu. Nimeacha, kaeni nazo. Naomba jambo moja: waandikie waamuzi wote, timu zote zipate nakala, kwamba ngurumo ikisikika filimbi inapulizwa na hakuna wa kumuuliza mwamuzi, awe wewe, awe mgeni rasmi.

Nusu fainali ni Jumamosi hii na mvua bado zipo. Iwe kabla ya Jumamosi, Mwenyekiti. Na iwe kwa maandishi, ya mdomo tulishaipigia makofi.

Mzazi wa golikipa,
Lindi