Barua kwa mwanangu anayechagua igizo la kutazama London

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi na mama yako hatujambo, na wadogo zako wanaendelea vizuri na masomo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: mara ya kwanza nikiwa nimesimama pale Mwaloni nikisubiri kupimiwa dagaa, na mara ya pili hapa barazani, nikiwa nimetulia na miwani yangu. Umeniambia kwamba katika majuma mawili ya mafunzo yako London utakuwa na jioni moja tu iliyo yako mwenyewe, kwamba umetenga fedha ya tiketi moja ya igizo la muziki, na kwamba wenzako kila mmoja anakuvutia upande wake. Kwa kuwa swali hilo umeniletea mimi baba yako, nami nitalijibu kwa urefu, maana ni jambo nililolifikiria kwa zaidi ya miaka thelathini.

Unajua kwamba mwaka 1994 nilipelekwa London kwa kozi ya miezi mitatu ya walimu, lakini sikuwahi kukusimulia sawasawa juu ya usiku wangu wa igizo. Nilikata tiketi kwa mlanguzi aliyesimama kando ya barabara, bila kuuliza igizo lenyewe linahusu nini wala kiti kiko wapi. Kiti kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya nguzo ya chuma, na kila mwigizaji aliyesogea upande wa kushoto alipotea machoni pangu. Sehemu ya kwanza yote nilikaa nimepinda shingo. Baada ya mapumziko niliacha kuhangaika, nikafumba macho, nikasikiliza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kundi lile halikuimba kama kwaya yetu ilivyokuwa ikiimba wakati ule, wote kwa uso mmoja na moyo mmoja. Kila mwimbaji alikuwa mtu wake, huyu ana hasira, yule anaogopa, mwingine anambembeleza mwenzake, na hata hivyo sauti nne zilikaa mahali pake na neno la mwisho lilikatwa kwa pamoja. Niliporudi hosteli niliandika nota nilizoweza kuzikumbuka nyuma ya bahasha. Kwa hiyo sikujutia fedha yangu yote, ila nilijutia kuchagua gizani, na ndilo kosa ambalo sitaki ulirudie.

Wenzako wamekuambia kwamba Mtanzania akifika London ni lazima aone The Lion King, na wewe umeniandikia kwamba unaona haya kusafiri mbali kiasi hicho ukatazame simba wa jukwaani, wakati lango la Ndabaka la Serengeti liko karibu na Lamadi, kwenye njia hii hii ya kwenda Musoma tunayopita tukienda kwa shangazi yako. Haya hiyo naielewa, lakini nadhani haina msingi. Anayekwenda kutazama igizo hilo haendi kuona wanyama. Julie Taymor, mama aliyeliongoza na kusanifu mavazi yake, na ambaye mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo ya maigizo ya Marekani, kwa uongozaji wa igizo la muziki, aliamua kwamba mtu asifichwe ndani ya mnyama. Barakoa ya simba inakaa juu ya kichwa cha mchezaji, na uso wa mchezaji unaonekana chini yake. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya miti minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono. Swala wamefungwa kwenye chombo chenye magurudumu, na kila gurudumu linapozunguka swala wanaruka. Unaona ujanja wenyewe na bado unaamini. Mtu aliyekua akitazama bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, anayeona jembe likirushwa juu, mkono ukilingoja na goma likiamua lishuke lini, hawezi kuona haya mbele ya ufundi wa namna hiyo.

Tena sauti inayofungua igizo ni ya Kizulu, kazi ya mwanamuziki Lebo M wa Afrika Kusini, na majina kama Simba na Rafiki utayaelewa kabla ya Mwingereza aliyeketi karibu nawe. (Maneno yale ya hakuna matata yamezunguka dunia nzima, ingawa sisi hapa kwa kawaida husema hamna shida.) Igizo hilo limekuwa katika ukumbi wa Lyceum, karibu na Covent Garden, tangu Oktoba 1999. Ukiliamua hilo, tafuta kiti cha ghorofa ya chini kando ya njia ya kupita, kwa kuwa mwanzoni kabisa baadhi ya wanyama huingia jukwaani wakipita katikati ya watazamaji. Mimi nisingekuzuia. Ungekuwa unakwenda na wadogo zako, ningekuambia usitafute lingine.

Juu ya The Phantom of the Opera sina mengi ya kusema. Limechezwa mtaa wa Haymarket tangu Oktoba 1986, lina taa kubwa ya vioo inayoporomoka kutoka darini, na wanaolipenda hulipenda kwa dhati. Uzito wake, hata hivyo, uko kwenye koo za waimbaji wakuu wachache, na wewe hukulelewa kwenye uimbaji wa mtu mmoja mmoja. Mamma Mia! lina nyimbo za kundi la ABBA la Sweden ambazo mama yako anazijua zote, na kwa sababu hiyo hiyo ningependa mlione pamoja siku nyingine. Hamilton, lililotungwa na Lin-Manuel Miranda na ambalo limekuwa Victoria Palace tangu Desemba 2017, nimelisikiliza kwenye simu ya mdogo wako. Ni kazi ya akili nyingi, lakini maneno yake yanapita 20,000 na mengi yanasemwa kwa kasi ya rap. Mtu asiyeujua tangu mwanzo ugomvi wa Hamilton na Burr, wanasiasa wa Marekani, uliomalizika kwa risasi mwaka 1804, atatumia jioni nzima akikimbiza sentensi iliyokwisha kupita. Kiingereza chako ni kizuri, ila hata kizuri kinahitaji nafasi ya kupumua.

Lipo pia The Book of Mormon, ambalo umesema mmoja wa wenzako amelisifia sana. Hadithi yake imewekwa Uganda, kwa jirani zetu tunaochangia nao maji ya ziwa hili, na imejaa matusi. Nimeelezwa kwamba watungaji walikusudia kuwacheka wamisionari na fikra za wageni kuhusu Afrika, wala si wanakijiji wenyewe, na sina sababu ya kubisha. Hata hivyo wewe ungekuwa umeketi peke yako katika ukumbi wa watu wanaocheka, ukijiuliza katika kila kicheko kama kinachochekwa ni fikra hizo au ni watu wa kijiji. Sikushauri uitumie jioni yako pekee kwa hesabu hiyo.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Igizo ninalokuombea ni Les Misérables.

Lilianza London tarehe 8 Oktoba 1985, katika ukumbi wa Barbican, na wahakiki wengi wa magazeti walilikataa. Watu wa kawaida wakapanga foleni ya tiketi, na hadi leo wanalitazama. Limetokana na kitabu cha Mfaransa Victor Hugo cha mwaka 1862. Hadithi yake haihitaji mtu wa Mwanza aelezwe mara mbili: Jean Valjean aliiba mkate kwa ajili ya watoto wa dada yake waliokuwa na njaa, akafungwa, akajaribu kutoroka mara kadhaa, akaongezewa kifungo hadi ikawa miaka 19. Anapotoka hakuna anayempa kazi wala malazi, isipokuwa askofu mmoja; naye anamwibia askofu huyo vyombo vya fedha, na polisi wanapomrudisha, askofu anasema vyombo alimpa mwenyewe, kisha anamwongezea vinara viwili vya mishumaa akimwambia amevisahau. Kila kinachofuata kinatoka kwenye vinara vile. Soma muhtasari wa hadithi kabla ya kwenda, ili usikae ukimuuliza jirani huyu ni nani na yule ametoka wapi.

Lakini sikuchagulii kwa sababu ya hadithi peke yake. Igizo hili linaimbwa karibu lote, tangu mwanzo hadi mwisho, na moyo wake uko kwenye kundi: wafungwa, wanawake wa kiwandani, maskini wa Paris, wanafunzi wanaojenga boma la meza na viti barabarani. Mwisho wa sehemu ya kwanza kuna wimbo unaoitwa One Day More. Valjean anaanza, akiwa anapanga kukimbia. Vijana wawili wanaopendana wanaagana. Msichana asiyependwa anaimba upweke wake. Wanafunzi wanangoja mapambano. Askari anayemwinda Valjean anajiapiza. Wenye nyumba ya wageni wanahesabu watakachoiba. Kila mmoja ameletewa wimbo wake kutoka mahali pengine pa igizo, na zote zinawekwa moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa wimbo mmoja. Wewe umeimba alto, sauti iliyo chini ya soprano, kwenye kwaya yangu tangu ukiwa darasa la tano. Unakumbuka nilivyokuwa nikikukataza kuisindikiza soprano, nikikuambia alto ana njia yake na haitaki kuazima. Katika London nzima hakuna jukwaa ambalo sikio hilo litapata kazi zaidi ya hilo.

Unaweza kuniambia kwamba ni rahisi kwenda kujaribu na kuona. Sivyo. Tulipokuwa tukikupeleka Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ulikuwa ukinivuta kanzu, kwanza kwa chama cha ngoma cha Bagika, kisha kwa Bagalu, kisha unataka Bayeye na nyoka wao, na hakuna aliyetuzuia, kwa kuwa ngoma zile hushindana mbele ya watu wote na umati huhamia panapowaka moto. Huko London utalipa mara moja, utapewa kiti kimoja, na mlango utafungwa. Uamuzi wote unafanyika kabla hujaingia.

Kwa hiyo sikiliza pia mambo haya madogo. Les Misérables lipo ukumbi wa Sondheim, barabara ya Shaftesbury Avenue, jengo lililofunguliwa mwaka 1907, likapigwa bomu mwaka 1940 na kufunguliwa tena mwaka 1959. Nunua tiketi kwa ukumbi wenyewe, au katika kibanda cha TKTS pale Leicester Square, kinachoendeshwa na chama cha wenye kumbi wenyewe na kuuza tiketi za siku hiyo na za siku chache zinazofuata, nyingine kwa bei iliyopunguzwa. Usinunue kwa mtu wa njiani hata akiwa na uso wa huruma. Uliza kama kiti kina kizuizi chochote mbele yake, na ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua katikati ya ghorofa ya kwanza badala ya safu za mbele chini. Kwa igizo la kundi ni bora uone boma lote kwa mtazamo mmoja. Maonyesho ya usiku kwa kawaida huanza saa moja na nusu, na hili huchukua karibu saa tatu pamoja na mapumziko, kwa hiyo panga mapema namna ya kurudi unakolala. Fika nusu saa kabla, kwa maana anayechelewa husimamishwa nje hadi nafasi inayofaa ipatikane. Ukikuta tangazo kwamba leo mwimbaji mkuu amepumzika na mwenzake ameshika nafasi, usisononeke. Wanacheza mara 8 kwa juma, na koo ni nyama. Pasaka yetu nzuri kuliko zote iliimbwa na binti aliyepewa sehemu ya peke yake Ijumaa Kuu jioni, baada ya mwenye sehemu kupatwa na homa.

Nikuambie pia ukweli wa upande wangu, ili uamue ukiwa huru. Mimi igizo hili sijaliona. Nililetewa kanda yake na mwalimu mwenzangu wa kwaya mwaka uliofuata baada ya safari yangu, na nimeisikiliza kwa miaka mingi kwenye redio ile ya chumbani, daftari la solfa likiwa magotini. Ukiona moyo wako uko Lyceum na twiga wale, nenda, nami nitafurahi sawasawa kusikia habari zao.

Lakini ukienda Sondheim, nina ombi moja. Mwaka ule umeme ulipokuwa ukikatika na kurudi, redio ilikula kanda yangu ndani ya One Day More, karibu na mwisho, sauti zote zilipokuwa zimeanza kupandana. Niliirudisha kwa kalamu ya risasi, nikaunga palipokatika kwa gundi ya karatasi, na tangu hapo wimbo unaruka: wanafunzi wanaimba, kuna mkwaruzo mfupi, kisha tayari wako wote kwenye neno la mwisho. Mdogo wako ameniambia mara nyingi kwamba naweza kuusikia mzima kwenye simu yake, nami nimekuwa nikikataa, nikisema nitaungoja kutoka kwa mtu aliyekuwa ukumbini. Tafadhali sikiliza alto wanafanya nini pale, wanapanda pamoja na soprano au wanabaki chini wakiwangoja, na uniandikie usiku huo huo kabla hujalala.

Mama yako anakuombea safari njema, na anasema usisahau sweta.

Ni mimi baba yako,
mwalimu wako wa kwaya