Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliowakumbuka Wagiriki wa South Omaha

Wazee wetu, kina mama, kina baba na vijana,

Nawasalimu nyote, mliotoka zamu ya usiku bila kulala na mtakaoingia kazini tukimaliza hapa. Shughuli za kawaida nazipitia upesi, kwa kuwa Katibu na Mweka Hazina watazisoma kwa kirefu. Ada zimeingia vizuri kuliko nilivyotarajia. Mfuko wa misiba umetikisika lakini haukukauka. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi. Wazazi, tafadhali njooni kuwachukua watoto kwa wakati, walimu nao wana nyumba zao. Ukumbi bado ni tatizo: tuliyekuwa tukikodi kwake alipandisha bei katikati ya mwaka, na kamati inatafuta pengine.

Sasa kazi kubwa ya mwaka. Mkutano uliopita, baada ya ubishi mtakaoukumbuka, ulipitisha kwamba jioni zetu za mazungumzo zihusu wageni waliotutangulia kwenye viwanda vya nyama vya Omaha, mji wetu huu wa Nebraska, Marekani, na kamati ikachagua Wagiriki. Wengine walinung'unika. Wenzetu wa Lubumbashi wanamjua Mgiriki kuwa mwenye duka, na sisi wa Tanga tunamjua kuwa mwenye shamba la mkonge, bwana wa watu. Kumfikiria akiwa kibarua wa machinjio, amelala chumba kimoja na wenzake kwa zamu, kulituchukua muda.

Lakini ndivyo walivyofika. Miaka ya 1890 bei ya zabibu kavu ilianguka, Ufaransa ilipoacha kuzinunua kwa wingi, na vijiji vya Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, vilivyoishi kwa zao hilo moja vikakosa pa kushika. Vijana wakaondoka. Wengi hawakukusudia kuhamia Marekani. Walikuja kutafuta fedha za kulipa deni la baba na mahari ya dada, maana kwao wakati ule ni familia ya binti iliyotoa mahari. Waliosikiliza walicheka, kisha wakanyamaza, kwani nani humu ndani hana dada au mdogo wake anayesubiri simu ya mwisho wa mwezi? Reli iliwameza wengine, wakapiga mataruma kuvuka nyika hii isiyo na kilima. Na wakati wa baridi kazi ya reli ilipolala, walirudi mjini, South Omaha, penye mazizi na viwanda vya Armour, Swift na Cudahy. Walichukiwa mapema. Baadhi yao waliletwa kuvunja migomo, na mwenye njaa aliyeletwa hivyo ndiye anayelaumiwa, si aliyemleta.

Jioni iliyojaza watu ilikuwa ya mwaka 1909. Tarehe 19 Februari askari polisi Edward Lowry alimkamata Mgiriki aitwaye John Masourides, aliyeonekana na msichana mzungu. Ilielezwa kuwa msichana huyo alikuwa akimfundisha Kiingereza. Njiani risasi zikalia, Lowry akafa. Jumapili ya tarehe 21 ukaitishwa mkutano wa hadhara, wakahutubia hata wabunge wa jimbo, na umati wa mamia ya watu ukaondoka pale kwenda kumtafuta mfungwa. Ulipomkosa uligeukia mtaa wa Wagiriki: maduka, mikahawa na mabweni yakavunjwa na kuchomwa, na watu wakakimbia mji usiku ule, wengine wakavuka mto kwenda Council Bluffs, wengine wakapotelea mbali zaidi. Masourides alihukumiwa kifo, Mahakama Kuu ya Nebraska ikaitengua hukumu hiyo, na aliposhtakiwa tena akapewa miaka 14. Ugiriki ilidai fidia. Marekani, baada ya miaka mingi, ililipa dola 40,000.

Mzee mmoja wa Bukavu aliuliza swali ambalo kamati haikulijibu: na wale waliokimbia, walikuwa akina nani? Ndipo tulipoona shida ilipo. Tunachokijua kuhusu usiku ule kimetoka kwenye magazeti na faili za mahakama, yaani kwa watu wengine. Wagiriki wale karibu wote walikuwa wanaume, wapitaji, bila wake wala watoto wa kusimulia. Waliochomewa mabweni hawakuacha hata picha ukutani.

Nilisema jioni ile, na nasema tena kwa sababu kuna waliochukia: tusijifananishe nao kupita kiasi. Mwaka 1919, miaka kumi tu baadaye, umati wa mji huu huu ulivamia mahakama, ukamtoa mtu mweusi aitwaye Will Brown, ukamuua na kuuchoma mwili wake. Mgiriki aliweza kuondoka, kurudi, kukata jina lake likawa fupi, na mtoto wake akapita mlangoni bila kuulizwa. Sisi hatuna jina la kukata litakalotupitisha hivyo.

Mazungumzo yalipohamia kwa Wagiriki wenye mikahawa, wengi wenu hamkuja. Nasikitika, maana huko ndiko familia zilikokuwa. Sheria ya mwaka 1924 iliruhusu Wagiriki 100 tu kwa mwaka kuingia nchini, kwa hiyo aliyekuwa hapa alilazimika kuamua: kurudi kwao au kutulia. Waliotulia walifungua maduka ya peremende na mikahawa kando ya reli, karibu kila mji wa Nebraska. Kearney, karibu kilomita 300 magharibi yetu, aliishi kijana aliyeingia Marekani akiwa na miaka 17 na kuanza kwa kuosha vyombo kwenye behewa la wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Union Pacific. Mwaka 1923 akafungua Central Café, na mlango wake haukufungwa, mchana na usiku, kwa miaka 25. Mwanawe, Peter Peterson, akawa Waziri wa Biashara wa Marekani mwaka 1972. Jina la ukoo lilikuwa Petropoulos. Hapa Omaha nako babu yake Alexander Payne, mwongozaji wa filamu, alikuwa na mkahawa katikati ya mji. Jina la babu huyo lilikuwa Papadopoulos.

Vijana walipenda habari ya waziri. Mimi nilibaki nikifikiria ile miaka 25 ya mlango wazi. Nani alikuwa jikoni saa tisa za usiku? Nani alilala na watoto? Kumbukumbu za familia hizi zinamtaja baba na kaunta yake. Mama anatokea wakati wa Pasaka, akioka mkate na kupaka mayai rangi nyekundu. Katika chama chetu kina mama ndio wengi kwenye mikutano na wachache kwenye kumbukumbu za mikutano, nimezipitia mwenyewe.

Ziara ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, Park Avenue, ilikwenda vizuri. Jengo lilijengwa kuwa sinagogi, nalo Wagiriki wakalinunua baadaye. Ndugu wa kamati ya ukumbi walilitazama kwa macho ya kununua, nikawatuliza. Kuhusu mazizi, hakuna cha kutembelea zaidi ya jengo refu la soko la mifugo la mwaka 1926. Mazizi yaliyoipita Chicago kwa ukubwa mwaka 1955 yalifungwa mwaka 1999. Viwanda vya nyama vipo, nanyi mnavijua kuliko mimi.

Kamati inaleta azimio moja. Tuanze mwaka huu daftari la familia zetu: kila aliyefika, ametoka wapi, alipita kambi gani ya wakimbizi, kazi yake ya kwanza mjini hapa, nani alimpokea uwanja wa ndege. Wazee waanze, na mama ahojiwe peke yake, si mume akimjibia. Najua hofu iliyopo kuhusu makaratasi, nami sibishani nayo. Kwa hiyo daftari litafungiwa, halitawekwa mtandaoni, na hakuna atakayelisoma bila idhini ya mwenye habari. Gharama zake ziko ukurasa wa mwisho wa taarifa ya Mweka Hazina. Kura itapigwa baada ya chai. Fomu ziko kwa Katibu, za Kiswahili na Kifaransa. Asiyetaka jina lake liandikwe ajaze sehemu ya chini tu.