Kutambua saratani kwa mate si kutabiri mwendo wake

Ndugu Mhariri,

Siku chache baada ya makala yenu kuhusu kipimo cha mate na saratani ya kinywa, mzee mmoja aliingia kliniki kwangu na mate yake ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, na alitaka nimwambie, kwa kuyatazama mate hayo, kama kidonda kitapona au kitamuua. Sikumcheka, kwa kuwa makala yenyewe ilichanganya mambo mawili: kumtambua mwenye saratani, na kutabiri ugonjwa wa mtu ambaye tayari amethibitishwa kuwa nayo utaelekea wapi.

Utafiti mliouegemea, wa kundi la David Wong wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusu jambo la kwanza tu. Watafiti walilinganisha mate ya wagonjwa 32 na ya watu 32 wasio na saratani, wakaona molekuli saba za RNA, yaani nakala za maagizo ya vinasaba, zimezidi kwa wagonjwa. Baadhi yake zilipotumiwa pamoja, ziliwatambua wagonjwa kwa asilimia 91, na wasio wagonjwa kwa asilimia hiyohiyo. Ni kazi ya kusifiwa, lakini haikuuliza ni nani kati ya wagonjwa wale angerudiwa na ugonjwa baada ya upasuaji.

Swali hilo tunalijibu hadi leo kwa ukubwa wa uvimbe, kwa kuangalia kama saratani imefika kwenye tezi za shingo, na, tangu mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani wa mwaka 2017, kwa kina ambacho uvimbe umezama, mipaka ikiwa milimita 5 na 10. Hata hivyo wagonjwa wawili wa hatua moja, waliotibiwa kwa namna moja, huachana njia: mmoja akaishi miaka mingi, mwingine akarudi kabla ya mwaka na uvimbe mpya. Hapo ndipo naona mate yanaweza kuwa na faida kubwa kuliko ile mliyoitangaza, kwa sababu yanaosha mahali penyewe palipo na ugonjwa, na yanaweza kuchukuliwa mara kwa mara bila sindano katika miaka miwili ya kwanza, ambamo saratani nyingi zinazorudi hurudi. Kwa saratani za koo zinazotokana na virusi vya papiloma (HPV), imekwisha kuonekana kwamba vinasaba vya virusi vikiendelea kupatikana kwenye mate baada ya matibabu, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi.

Ugumu wake hamkuugusa. Mate hubadilika kwa saa na kwa chakula, RNA huharibika upesi isipohifadhiwa vizuri, na ile ya intaleukini-8, protini ambayo mwili huitoa unapopambana na maambukizi, mojawapo ya zile saba, huweza kupanda pia kwa ugonjwa wa fizi. Aliyepigwa mionzi ya shingo na kinywa, ambaye ndiye hasa tungependa kumfuatilia, mara nyingi hana mate ya kutosha hata ya kumezea ugali. Tena huku pwani wako watu wengi wenye kutafuna uraibu, yaani tambuu yenye popoo, na popoo hiyo (kokwa ya mpopoo), ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani hata bila tumbaku, huwa imekwisha kuuchubua utando wa kinywa miaka mingi kabla ya uvimbe kutokea. Kiwango kilichowekwa kwa vinywa vya California hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo na kutumiwa kwa vinywa hivi bila kupimwa upya.

Naomba toleo lijalo liseme wazi kwamba kipimo hicho bado hakichukui nafasi ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ya kidonda na kuchunguzwa kwa hadubini, na kwamba kidonda cha kinywa kilichopita wiki tatu bila kupona kionyeshwe kwa daktari. Mzee wangu alikubali kukatwa, ingawa kwa manung'uniko. Kichupa chake aliondoka nacho.

Daktari wa kinywa na meno,
Mombasa