Barua kwa Mwanangu: Kidonge Kilichobaki

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, nakuandikia ilhali uko jikoni na bibi yako, kwa kuwa kuta za nyumba hii ni nyembamba na masikio yake bado ni mazima. Juzi, nilipokuwa nikikukunjia leso za safari ya Eldoret, pakiti ya P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ilianguka kutoka kwenye begi lako. Ina vitundu viwili. Kimoja kimepasuliwa, na katika cha pili kidonge bado kimo.

Kidonge hicho kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi. Dozi ni vyote viwili, miligramu 0.75 kila kimoja, na ni bora vimezwe kwa pamoja; mwenye kumeza kimoja akaweka cha pili akiba amemeza nusu ya dawa. Wewe uliyepata A ya Baiolojia, ulishindwaje kuisoma karatasi iliyokunjwa mle ndani?

Sitakuuliza ni nani, kwani una miaka 20. Ninachouliza ni saa. Dawa hii huzuia mimba kwa kuchelewesha yai kutoka, na kila saa inayopita huipunguzia nafasi: ndani ya saa 72 ndipo inapofaa zaidi, na baada ya saa 120 haitegemewi tena. Hesabu tangu mlipokutana, si tangu ulipomeza. Nami nimekaa na pakiti hii siku mbili kwa hasira, na saa 48 hizo zimo katika hesabu yako.

Kuna jambo jingine, na hili usilifiche dukani. Bado umebakisha miezi miwili ya dawa za kifua kikuu, na rifampicin iliyomo humo huipunguza nguvu P2, hata ingekuwa dozi kamili. Mwambie mfamasia waziwazi, kwani aliye katika dawa hizo huongezewa dozi mara mbili, yaani miligramu 3, au huenda kliniki akawekewa koili ya shaba, kile kifaa cha kuzuia mimba kinachotiwa ndani ya kizazi, kabla ya siku 5 kwisha, nayo rifampicin haiigusi. Siku hizo zikiwa zimekwisha, basi usimeze P2 tena. Subiri, na hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, upime.

Bibi yako akisema vidonge hivi huchoma kizazi, nyamaza tu, lakini usiamini. Haviharibu kizazi wala havitoi mimba iliyokwisha kushika. Ila havikingi mkutano wa kesho, wala Ukimwi, kwa hivyo mipira usiione haya kuinunua. Kwamba ulikwenda dukani mwenyewe, hilo nimelifurahia. Wasichana wa rika langu tulinyamaza mpaka matumbo yakatusemea, na tarehe ya harusi yangu na umri wa kaka yako unavijua.

Mahamri ya safari nimeyatia kwenye mkebe wa buluu. Kula mawili kabla ya kumeza, maana dawa hii huleta kichefuchefu, na ukitapika kabla ya saa mbili kupita itakubidi umeze tena. Ule mtungi wa gesi nitaubadilisha mwenyewe kesho, usijisumbue nao.

Duka la dawa la barabarani hufungwa saa nne usiku. Pesa ziko chini ya mkebe, na mlango wa uani sijaufunga.

Mama yako