Forodha wameungana, afya bado kila mtu na meza yake

Mhariri,

Ugonjwa ukizuka kwa jirani, redioni utasikia wito uleule: mpaka ufungwe. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na wanaosema hivyo nawakaribisha waje waone. Lango likifungwa, boda boda hazilali. Zinapitisha watu na magunia njia za panya, ambako hakuna mwenye kipimajoto.

Mwaka 2020, wakati wa korona, lango halikufungwa kwa malori, lakini foleni ilijaa kilomita kwa kilomita upande wa Kenya. Dereva alikuja na cheti chake cha vipimo, akafika huku akaambiwa apimwe upya. Mwezi Mei serikali yetu ikaamua madereva wa kigeni waondolewe kwenye hesabu ya wagonjwa wa Uganda. Sijui kirusi kiliombwa pasipoti na nani. Na haya yakitokea, maofisa wa forodha wa nchi zote mbili walikuwa chini ya paa moja, mzigo unakaguliwa mara moja unapita.

Kasese, wilaya yetu inayopakana na Kongo, Juni 2019, mambo yalikwenda vingine. Familia iliyotoka kumuuguza babu yao Kongo ilivuka kwa njia ya pembeni, maofisa wa Kongo wakawaarifu wenzao wa Uganda. Wahudumu wetu wa afya zaidi ya 4,000 walikuwa wameshachanjwa dhidi ya Ebola. Mtoto wa miaka 5 alifariki, kisha mdogo wake na bibi yao, lakini Ebola ile haikutoka nje ya familia hiyo hapa Uganda. Mpaka ulibaki wazi.

Kanuni za afya za kimataifa za 2005 zinaitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24, na Mei 2025 nchi wanachama wa shirika hilo zikapitisha huko Geneva mkataba wa majanga ya maradhi. Vizuri, ila Geneva ni mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia 2022, iko hapa hapa. Ilileta mfumo wa simu wa kumfuatilia dereva na majibu yake, wakati tulikuwa tumeshaumia.

Mawaziri wa afya wa Jumuiya wakubaliane sasa, kabla ya mlipuko mwingine, kwamba majibu ya maabara ya nchi moja yatapokelewa na nyingine, na mama wa sokoni anayevuka mpaka asiachwe nje ya mpango. Na afisa wa afya wa wilaya yetu ya Tororo aruhusiwe kumpigia mwenzake wa Kaunti ya Busia, upande wa Kenya, moja kwa moja, bila kungoja barua izunguke Kampala na Nairobi.

Wakala wa forodha,
Malaba, Uganda