YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAMBA YA ROKETI INAYOUZWA KWA JINA LA ARAMIDI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunalalamikia kamba inayounganisha pua na bomba katika seti zenu za roketi za modeli. Lebo inasema ni aramidi, yaani nyuzi sanisi imara zinazostahimili joto kali. Si kweli.

Ncha zake zimezibwa kwa moto, kila moja ina tone gumu linalong'aa. Aramidi haiyeyuki, kwa hiyo haizibiki hivyo. Kipande kilichoshikwa kwa kibano juu ya mwali wa kiberiti kilinywea, kikadondosha tone, kikakatika. Aramidi halisi huungua ikawa mkaa pale tu mwali ulipogusa, na moto ukiondolewa huzimika yenyewe. Mliyotuuzia ni nailoni au poliesta iliyotiwa rangi ya njano.

Jambo hili ni la hatari. Kamba hufungwa kwenye kishikilia injini, ndipo gesi ya moto inapopita baruti ya kutoa parachuti inapolipuka. Nailoni huyeyuka kati ya nyuzi 220 na 260 za Selsiasi. Ikikatika hapo, parachuti huondoka na pua, na bomba lenye injini huporomoka bila breki hadi walipo watu.

Maelekezo yenu nayo yarekebishwe. Yanataka aramidi itokeze nje ya mdomo wa bomba. Kwa kuwa hainyumbuki, hulipasua bomba la karatasi kama msumeno. Iishie ndani, sentimita 2 au 3 chini ya ukingo, kisha ifuate lastiki. Kamba yote iwe walau mara 3 ya urefu wa roketi. Yenu haifikii hata urefu wa roketi yenyewe, ndiyo maana pua hurudishwa kwa kishindo na kugonga mapezi.

Kulowesha fundo zima kwa supaglu, kama mnavyoagiza, pia ni kosa: nyuzi huifyonza, hukakamaa, na kamba hukatikia pale gundi inapoishia. Fundo la namba nane lililokazwa barabara, lenye mkia wa sentimita 2 na tone moja la gundi ya epoksi kwenye mkia huo, linatosha.

Tunadai mrejeshe fedha au mtume aramidi halisi, msimamishe uuzaji wa seti zenye lebo hiyo, na muwaarifu wote walionunua kabla hawajazirusha. Tumeambatanisha kipande cha kamba na picha za ncha zake.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wateja wenu