Tusiwanyamazishe watoto wanaosaidiana hesabu huku wakipiga soga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililoibuka katika kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari hapa jijini Dodoma, ambako mjukuu wangu anasoma kidato cha pili. Ilipendekezwa kwamba makundi ya WhatsApp ambayo wanafunzi wamejiundia wenyewe yafutwe, na badala yake liundwe kundi moja chini ya mwalimu, ambamo kitakachoruhusiwa ni masomo peke yake. Hoja iliyotolewa ni kwamba watoto hao huanza na kazi ya nyumbani ya hesabu, na kabla ya nusu saa kupita wamekwisha hamia kwenye tamthilia, mpira na mitindo ya kusuka. Uamuzi utatolewa katika kikao kijacho, na ndiyo maana naandika sasa.

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na napinga pendekezo hilo kwa moyo wangu wote. Soga hizo zina kasoro zake, nami nitazieleza. Lakini wanaotaka kuondoa soga na kubakiza hesabu wanaamini kwamba vitu hivyo viwili vinatenganishika, jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo.

Kwa ridhaa ya wenzake, mjukuu wangu alinisomea mazungumzo yao ya jioni moja. Mmoja wao alikuwa amekwama kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili, x² − 5x + 6 = 0. Alipiga picha daftari lake, akaandika kwamba ubaoni mwalimu alitoka kwenye mstari huo akaingia moja kwa moja kwenye (x − 2)(x − 3) = 0, na yeye hajui hiyo 2 na hiyo 3 zimetoka wapi. Kwa muda hakujibiwa, kwa kuwa wengine walikuwa wakibishana kuhusu tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, iwapo mama mkwe ndiye aliyeficha barua au amesingiziwa. Katikati ya ubishi huo mwenzao mmoja akatuma ujumbe wa sauti: tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6, na ukizijumlisha unapata 5; kisha, kwa kuwa mbele ya 5x kuna alama ya kutoa na mbele ya 6 kuna alama ya kujumlisha, zote mbili zipe alama ya kutoa. Muulizaji akataka kujua kwa nini isiwe 1 na 6. Akaambiwa kwamba 1 mara 6 ni 6 kweli, ila jumla yake ni 7. Akajaribu swali lililofuata peke yake, akalipata, wenzake wakamshangilia kwa stika, naye papo hapo akaingia kwenye ubishi kumtetea mama mkwe.

Swali la kuuliza namba zimetoka wapi ndilo ambalo kila mwalimu wa hisabati hutamani kuulizwa, na darasani huulizwa kwa nadra sana. Mtoto aliyekaa miongoni mwa wenzake wengi huogopa kuchekwa, na anayeogopa zaidi ni yule anayelihitaji jibu zaidi. Isitoshe, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafika sekondari akakuta kitabu, ubao na mtihani vyote kwa Kiingereza, hivyo kabla hajauliza hesabu yenyewe inambidi kwanza atafute maneno ya kuulizia. Usiku, kati ya rafiki na rafiki, swali husomwa kwa Kiingereza na hufafanuliwa kwa Kiswahili, na hakuna anayeona aibu. Tukumbuke kwamba katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 ni takribani robo tu ya watahiniwa waliofaulu hisabati. Somo lenye hali hiyo halina ziada ya walimu kiasi cha kuwafukuza hata hawa wadogo wanaofundishana bure.

Makundi ya masomo peke yake tunayo tayari, na sisi wazazi tunayajua. Ndani yake kuna tangazo la mchango, tangazo la sare, picha ya ratiba, na chini yake safu ndefu ya watu walioandika kwamba wamepokea. Mtoto hawezi kuingia humo saa mbili usiku akasema kwamba hajaelewa sehemu zinavyogawanywa, maana atakuwa anasema mbele ya mwalimu na mbele ya wazazi wa wenzake. Anamwambia rafiki yake, na rafiki yake yuko pale kwa sababu kuna tamthilia ya kuijadili na mechi ya Dodoma Jiji ya kuilalamikia. Mkiiondoa hiyo tamthilia, rafiki naye ataondoka, na swali litakosa wa kulijibu.

Huku kwetu karanga hubanguliwa kwa pamoja, watu wakiwa wameketi wakizungumza, na sijapata kumsikia mtu mzima akisema kwamba mazungumzo yanyamazishwe ili kazi iende. Sisi tuliokulia Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwaka 1973. Lakini redio tulikuwa nayo, na mchezo wa kuigiza wa jana ndio tuliotembea nao hadi shuleni, huku tukinakiliana na kuelekezana hesabu njiani.

Liko jambo jingine ambalo kikao hakikuligusa. Tangu Serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia nyingi za watumishi zimefika hapa na watoto walioacha marafiki Dar es Salaam na kwingineko. Katika kundi la mjukuu wangu wapo waliosoma naye darasa moja la shule ya msingi ambao sasa wako mikoa mingine, na yupo anayesoma bweni Mpwapwa ambaye husikika wakati wa likizo tu. Kwa mtoto aliyehamishwa kutoka mtaa aliouzoea, soga hizo ndizo zilizobaki za urafiki wake wa kwanza. Sioni ni kwa haki gani kamati ya wazazi wa shule moja ya Dodoma inaweza kuufuta urafiki huo.

Nakumbuka pia mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni. Ilikuwa kazi nzuri, nami niliifuatilia. Hata hivyo kipindi hakiulizwi swali. Mwalimu wa kwenye televisheni akishapita hatua ambayo mtoto hakuielewa, hatua hiyo imepita. Wale waliokuwa na mwenzao wa kumuuliza baada ya kipindi walisogea mbele, na wale ambao nyumbani hakukuwa na simu, au ilikuwapo moja tu inayoondoka na baba asubuhi na kurudi naye jioni, walibaki na madaftari yao. Hali hiyo bado ipo katika vijiji vingi vya Bahi na Chamwino, na ningependa kikao cha wazazi kiumize kichwa kwa ajili ya watoto hao kabla ya kuwaumiza waliobahatika.

Sasa kasoro. Iliyo kubwa ni kunakili. Yupo mwerevu mmoja anayemaliza kazi yote, anaipiga picha, anaituma, na asubuhi mwalimu anasahihisha rundo la madaftari yenye kosa lilelile katika mstari uleule. Dawa yake iko mkononi mwa mwalimu: achague madaftari machache, awaite wenyewe ubaoni, na amwambie kila mmoja aeleze alivyofika pale. Aliyeelekezwa na mwenzake ataeleza, na aliyenakili ataonekana. Bando nalo ni gharama, na usingizi ni wa lazima; nyumbani kwetu simu zote hulala chumbani kwangu ifikapo saa nne usiku, na yangu ikiwamo.

Hatari ninayoiogopa kwa dhati ni mtu mzima asiyejulikana kuingizwa kundini kwa jina la rafiki wa rafiki, au picha ya mtoto kutolewa humo na kusambazwa. Mzazi amuulize mwanawe kila aliyemo ni nani na wamejuana wapi, na palipo na namba isiyo na mwenyewe iondolewe siku hiyo hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ingefaa shule ziwaeleze watoto kwa lugha nyepesi kwamba picha ya mwenzao si yao kuigawa. Kazi hiyo ya ulinzi inatutosha sisi wakubwa, bila ya kujipa na kazi ya kuwachagulia watoto mada za kuzungumza.

Nawaomba wazazi wenzangu watakaohudhuria kikao kijacho wayaache makundi ya watoto yabaki ya watoto. Nakuomba na wewe, Ndugu Mhariri, utenge pembe ndogo ya ukurasa kila Jumamosi kwa swali moja la hisabati la kidato cha kwanza au cha pili, na Jumamosi inayofuata utoe jibu lake pamoja na njia, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili. Mimi nipo tayari kuyaandaa maswali hayo bila malipo. Watoto watalipiga picha swali hilo na kulipeleka kwenye soga zao wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.